Kodi, Chokaa na Fundi: Historia ya Matengenezo ya Nyumba za Kupangisha katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilijengwa kwa matarajio kwamba kila mwaka, masika yakiisha, fundi ataitwa kuitazama. Matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na miti ya mikoko, ambavyo ndivyo vilivyoiunda, hudumu karne nzima na zaidi vikihudumiwa, lakini huoza kwa miaka michache pale maji ya mvua yanapopata upenyo. Kwa sababu hiyo historia ya mji huu haitimii kwa kuwataja masultani waliojenga na wasanifu waliochora peke yao; ni lazima wahesabiwe pia waashi, maseremala na wachoma chokaa walioitwa kutengeneza, pamoja na wale waliokuwa na wajibu wa kuwaita na kuwalipa. Katika mji ambao wakazi wake wengi walikuwa wapangaji, swali la nani amwite fundi, kwa fedha ipi na kwa mapatano gani, ndilo lililoamua nyumba ipi isimame na ipi ianguke.

Sehemu kubwa ya mji huo ilijengwa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake kutoka Maskati kuja Unguja katika miaka ya 1830. Biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa ilileta wafanyabiashara kutoka Oman, Hadhramaut, Kutch na Gujarat, na kila kundi lilijenga kwa namna yake: Waarabu wa Oman walipendelea jumba lenye kuta pana na uwanja katikati, nao Wahindi walijenga nyumba ndefu na nyembamba, chini duka likitazama njia, juu makazi ya familia. Namna hiyo ya pili ilielekea upangishaji tangu mwanzo, kwa kuwa duka liliweza kukodishwa peke yake, ghorofa ya kwanza peke yake na ya pili peke yake, ilhali paa, ngazi na kuta zilibaki mali ya pamoja ambayo hakuna mpangaji hata mmoja aliyeona kuwa ni jukumu lake.

Ili kuelewa kazi aliyoitiwa fundi, yafaa kutazama kwa karibu jinsi nyumba hizo zilivyoumbwa. Ukuta wake, wenye unene wa nusu mita au zaidi, haukuwa wa mawe yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu, bali ulikuwa na nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa na udongo. Kifusi hicho hakina nguvu ya kusimama chenyewe. Kinashikiliwa na nyuso mbili hizo, nazo zinakingwa na lipu ya chokaa iliyopakwa juu yake baada ya kutomea, yaani kujaza vijiwe vidogo katika mianya ya mawe makubwa. Lipu ikibanduka, maji huingia, udongo wa ndani huyeyuka na kushuka taratibu, na ukuta huanza kuvimba kwa chini kama gunia lililolowa. Mwashi aliyeijua kazi yake aliupapasa ukuta kwa kiganja na kuugonga kwa mpini wa nyundo, na kwa sauti iliyorudi aliweza kutambua mahali ambapo uso wa nje umeachana na kifusi, hata kama rangi ya juu bado ilikuwa nzima.

Juu ya kuta ziliwekwa boriti, ambazo ni miti ya mikoko iliyokatwa katika visiwa na vijito vya delta ya Rufiji na katika pwani ya Lamu, kisha kusafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na, kwa wingi zaidi, hadi nchi za Ghuba. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao mara nyingi haukuzidi mita tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalilazwa mawe bapa, na juu ya mawe ikamwagwa zege ya chokaa ambayo watu walijipanga kuipiga kwa magongo, kwa nyimbo, siku kadhaa mfululizo, mpaka ikashikamana na kuwa sakafu ya chumba cha juu au paa la nyumba. Udhaifu wa mpango huu upo pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani: ukuta ukilowa, kichwa hicho huoza kwa ndani bila kuonekana, na dari huanza kulegea upande mmoja. Tiba yake ni kutia miegemeo, kuitoa boriti iliyooza na kuweka nyingine, moja baada ya moja, bila ya kugusa sakafu iliyo juu, kazi inayohitaji subira kuliko nguvu.

Chokaa yenyewe ilitengenezwa kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, mara nyingi ya minazi, lililopangwa kwa mduara na kuitwa tanuu. Baada ya kuchomwa, chokaa ilizimwa kwa maji na kuachwa ishibe maji kwa wiki nyingi, na kwa kazi nzuri kwa miezi, kwa sababu punje ambayo haijazimika sawasawa huendelea kufura ndani ya lipu na kuipasua miezi mingi baada ya fundi kuondoka. Hapo ndipo uaminifu wa fundi ulipojaribiwa kuliko mahali pengine popote. Chokaa iliyokaa shimoni miezi mitatu na ile iliyozimwa jana hufanana machoni pa mwenye nyumba siku ya kupakwa. Tofauti huja kuonekana malipo yakiwa yameshatolewa.

Kazi hizi zilifanywa na watu wa namna nyingi. Waashi na maseremala walikuwamo miongoni mwa Wahindi waliohamia, miongoni mwa Wahadhrami, na miongoni mwa Waswahili wa pwani na visiwa, lakini katika sehemu kubwa ya karne ya 19 mafundi wengi walikuwa watumwa. Mtumwa mwenye ufundi aliweza kutolewa na bwana wake akafanye kazi kwa watu wengine kwa ujira, ambao sehemu yake alimpelekea bwana na sehemu iliyobaki akajilisha. Hali hii haifai kusahauliwa na wale wanaosifu mikono iliyojenga milango na kuta za Unguja, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwa mali ya mtu ambaye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na tangu hapo mafundi wengi waliokuwa watumwa waliendelea na kazi zilezile wakiwa watu huru, wakipatana ujira wao wenyewe.

Ufundi ulirithishwa kwa kukaa karibu na mjuzi. Mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa kazi ambaye bado hajakubaliwa kuwa fundi, alianza kwa kuchota maji, kuchekecha mchanga na kukoroga chokaa, akapanda hadi kushika mwiko na timazi, na mwishoni, alipokubaliwa kujitegemea, alitoa kilemba, ambacho ni heshima ya fedha au nguo anayopewa mwalimu. Kwa mwenye nyumba mpango huu ulikuwa na faida kubwa: kumjua mwalimu kulitosha kumjua mwanafunzi. Aliyetafuta mwashi hakuhitaji kumchunguza mtu asiyemfahamu, kwa sababu aliuliza tu amefunzwa na nani na ametengeneza nyumba ya nani, na nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa pili, ikitazamwa na kila aliyepita. Fundi aliyeharibu kazi alimwaibisha pia mwalimu wake, na aibu hiyo iliwafikia waliokaa barazani jioni kabla ya lipu kukauka.

Malipo yalifuata moja ya njia mbili ambazo bado zinajulikana kote Afrika Mashariki. Kazi ya kutwa ililipwa kwa siku, mwenye nyumba akinunua vifaa mwenyewe; kazi ya mapatano ililipwa kwa jumla, fundi akichukua arubuni, yaani malipo ya kutangulia yanayofunga makubaliano, na masalio baada ya kumaliza. Kila njia ina hatari yake. Fundi wa kutwa hana sababu ya kuharakisha, na mwenye nyumba asiyekuwapo hupoteza fedha siku baada ya siku. Fundi wa mapatano, kinyume chake, hupata faida kwa kila saa anayoiokoa, na chokaa ni kitu kisichokubali kuharakishwa. Kwa nyumba za matumbawe njia ya kutwa ilikuwa na busara zaidi, ilimradi awepo mtu wa kusimamia anayeijua kazi, na shida kubwa ya nyumba za kupangisha ni kwamba mtu huyo mara nyingi hakuwepo: mwenye nyumba aliishi kwingine, mpangaji hakuwa na mamlaka, na fundi alibaki na nyumba peke yake.

Jibu lililokomaa zaidi kwa shida hiyo lilitoka katika sheria ya Kiislamu, nalo ni wakfu. Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameitoa kwa ajili ya Mungu na kuifunga isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, ili pato lake liwafae watu au shughuli alizozitaja, kama vile msikiti, kisima, jamaa zake au maskini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine zilipangishwa ili kodi yake igharimie misikiti, na nyingine ziliachwa ziwe makazi ya jamaa wa muwekaji au ya watumwa aliowaacha huru na vizazi vyao. Linalohusu historia ya matengenezo ni kanuni ambayo wanazuoni wameishikilia kwa nguvu, kwamba haki ya kwanza katika pato la wakfu ni ya mali yenyewe: kodi ikikusanywa, kwanza itengenezwe nyumba, ndipo kinachobaki kigawiwe wanufaika. Msimamizi wa wakfu aliyegawa fedha huku paa likivuja alikuwa amekosea, hata kama wanufaika wote walikuwa radhi.

Kanuni hii iliweka pamoja mambo matatu ambayo nyumba ya kupangisha huelekea kuyatenganisha, yaani kodi, wajibu wa kutengeneza, na mtu wa kumsimamia fundi. Msimamizi alipokuwa jamaa wa muwekaji anayeishi mtaa uleule, alipokea kodi kwa mkono wake, akaona ufa kwa macho yake, na akamwita fundi ambaye baba yake alikuwa amemwita baba wa fundi huyo. Haimaanishi kwamba wakfu wote ulitunzwa vizuri. Wasimamizi wengine walikula mali ya wakfu, na katika nyumba za makazi ya bure, ambako hapakuwa na kodi yoyote, kanuni ilikosa kitu cha kukishika. Hata hivyo pale ilipofanya kazi, ilifanya kazi kwa sababu haikutegemea wema wa fundi peke yake; ilimfanya fundi kuwa mtu anayerudi, na fundi anayejua kwamba mwaka kesho ataitwa tena kwenye ukuta uleule ana kila sababu ya kuiacha chokaa ikae shimoni miezi yake mitatu.

Baada ya Zanzibar kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, usimamizi wa wakfu uliingizwa hatua kwa hatua katika ofisi za serikali, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaundwa kamisheni ya kusimamia mali hizo. Hesabu zikawa na mpangilio, na udanganyifu wa baadhi ya wasimamizi ukawekewa mipaka, lakini masafa kati ya mkono unaopokea kodi na jicho linaloona ufa yakaongezeka. Wataalamu wa mipango miji wa wakati huo, kuanzia H. V. Lanchester aliyechapisha taarifa yake mwaka 1923, walishughulika zaidi na njia, masoko, afya na utenganisho wa maeneo kuliko na boriti zilizokuwa zikioza vichwa.

Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga mji wa mawe na vitongoji vya wenyeji, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Huko nyumba za miti, fito na udongo zilizoezekwa makuti zilikuwa mali ya wakazi wenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya mabwana ardhi, na mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja. Kukandika ukuta kwa udongo na kubadilisha makuti kila baada ya miaka michache hakukuhitaji mwashi wa kukodi. Kulihitaji majirani na chakula cha kuwalisha siku ya kazi. Kilichowatesa wakazi hao ni kwamba walitengeneza nyumba juu ya ardhi ambayo wangeweza kutakiwa kuihama, na kodi ya ardhi ilipopandishwa waligoma kuilipa mwaka 1928, katika mgomo unaohesabiwa miongoni mwa harakati kubwa za wakazi wa mji katika enzi ya ukoloni. Mwenye haja na nyumba alikuwa tayari kuitengeneza, ila si pale faida ya matengenezo ilipokwenda kwa mwingine.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza umiliki wa Mji Mkongwe. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliuawa, walikimbia au walihama katika miaka iliyofuata. Nyumba nyingi zikataifishwa, na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba kwa kodi ndogo. Kwa familia hizo lilikuwa ni jambo la haki, na historia yoyote inayolisikitikia jengo bila kumkumbuka aliyepata paa kwa mara ya kwanza ni historia pungufu. Lakini kodi ndogo hiyo haikutosha hata kubadilisha mabati yaliyotoboka, na serikali, iliyoelekeza nguvu zake katika majengo mapya ya ghorofa kama yale ya Michenzani, haikuwa na fedha wala kikosi cha waashi wa chokaa. Jumba lililojengwa kwa familia moja likabeba sita. Vyoo na mabomba yakaongezwa juu ya sakafu za chokaa, na maji ambayo zamani yalitoka mbinguni miezi michache kwa mwaka sasa yalivuja kutoka ndani kila siku.

Wakati huohuo saruji iliingia. Kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966, na mfuko wa saruji ukawa kitu ambacho kila fundi alijua kukitumia. Saruji ilikuwa na sifa zote ambazo mpangishaji mwenye haraka anazitaka: hushika kwa siku moja, haihitaji shimo la kuhifadhia, na uso wake ni mgumu na laini. Tatizo lake ni kwamba ukuta wa matumbawe hupumua, yaani unyevu unaoingia hutoka kwa kupitia lipu ya chokaa yenye vinyweleo, na lipu ya saruji huuziba mlango huo. Maji hubaki ndani, chumvi iliyomo katika matumbawe husogea, na kifusi huendelea kulegea nyuma ya uso unaoonekana mzima kabisa. Mafundi waliofanya hivyo hawakuwa wadanganyifu. Walifanya kwa moyo safi walichofunzwa, kwa sababu mnyororo wa mwalimu na mwanagenzi katika kazi ya chokaa ulikuwa umekatika, na ndani ya kizazi kimoja uaminifu bila ujuzi uliharibu kuta nyingi kuliko ulaghai.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka wakati wa masika, na mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Serikali ilianza pia kuwauzia watu binafsi nyumba zilizotaifishwa, kwa matarajio kwamba wanunuzi watazitengeneza. Wengine walizitengeneza vyema. Wengine walibomoa kuta za ndani, wakaongeza ghorofa na kumwaga zege la saruji juu ya kuta ambazo hazikuumbwa kulibeba. Sheria ya mwaka 1994 iliipa Mamlaka nguvu zaidi za kisheria, na tangu hapo mwenye nyumba anatakiwa kupata kibali kabla ya kugusa jengo. Ukarabati wa Zahanati ya Kale katika miaka ya 1990, jengo ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa ufadhili wa Tharia Topan, uliofanywa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ulikuwa na thamani iliyopita jengo lenyewe, kwa kuwa uliwafunza mafundi upya kazi ya chokaa na ya mbao. Mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Mafundi waliotoka katika kazi hizo ni wachache, na hoteli zinawahitaji kila mwaka, hivyo mpangishaji wa kawaida, au msimamizi wa nyumba ya wakfu inayolipiwa kodi ndogo, hushindana na mwekezaji kuwapata. Boriti nazo zimeadimika: Kenya ilizuia usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, na misitu ya mikoko ya Tanzania iko chini ya hifadhi ya sheria. Panapokosekana vyote viwili, mwenye nyumba hurudi kwa mkandarasi wa saruji na nondo, na mara nyingi mpangaji hutengeneza mwenyewe kwa fedha zake ili gharama ikatwe kwenye kodi, mpango unaomsukuma kuziba kinachovuja chumbani mwake na kuliacha paa la wote. Kwamba hatari ya nyumba kuanguka haiwahusu wenye kipato kidogo peke yao kulithibitika tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoanguka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki.

Mikataba ya ujenzi ya siku hizi huwa na kifungu kinachomruhusu mwenye jengo kuzuia sehemu ya malipo kwa muda fulani baada ya kukabidhiwa kazi, ili kasoro zikitokea fundi arudi kuzirekebisha. Kwa nyumba ya matumbawe kifungu hicho hufanya kazi iliyofanywa zamani na baraza, jamaa na kilemba, ilimradi muda wake upangwe kwa kufuata mvua. Kazi ya paa iliyokabidhiwa Julai na kulipwa yote Januari imeonja vuli tu. Mvua nzito za Machi hadi Mei hazijaligusa bado, na zikiligusa likavuja, fundi hana tena cha kumrudisha.